Mwisho wa Nguo

Nguo hutupokea siku tunapozaliwa, na nguo hutufunika siku tunapozikwa. Kati ya siku hizo mbili hatuishi hata moja pasipo kuihitaji. Kwa sababu hiyo watu wameandika mengi juu ya mwanzo wa nguo: jinsi pamba inavyolimwa, jinsi kondoo wanavyokatwa manyoya, jinsi nyuzi zinavyosokotwa na kufumwa. Juu ya mwisho wa nguo wameandika machache. Shati likichakaa huondoka machoni petu, na likiondoka machoni huondoka na mawazoni. Lakini shati halipotei, msomaji mpenzi. Halina budi kwenda mahali fulani, na mahali hapo pana watu.

Katika insha hii nataka tufuatane kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, tupite pwani yetu, tuende Batley na Prato, tufike Lyon na Wakayama, kisha turudi Nairobi. Tutatazama jinsi watu walivyojaribu kuifanya nguo kuukuu iwe nguo mpya, na jinsi mashine za kuhesabu, ambazo leo twaziita kompyuta, zilivyoingia katika kazi ya mfumi na mshoni. Jambo hili siku hizi limepewa jina la uchumi wa mzunguko, yaani uchumi ambao ndani yake kitu kikiisha kutumiwa hakitupwi, bali hurudi kazini. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la kale. Nami nitajaribu kukuonyesha kwamba kwa miaka hiyo yote imekuwapo kanuni moja isiyobadilika: mwisho wa nguo huamuliwa siku ile inapobuniwa, si siku inapochakaa.

Tuanze na zama ambazo nguo ilikuwa kitu cha thamani kubwa. Kabla mashine za kusokota hazijaenea Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na nane, kila uzi ulipita kwanza katika vidole vya mtu. Kitambaa cha shati moja kilikula siku nyingi za kazi. Basi haishangazi kwamba huko Ulaya nguo ziliandikwa katika wasia pamoja na vyombo na mashamba. Koti la baba lilipochakaa lilikatwa likawa la mtoto, na la mtoto lilipochakaa likawa kiraka. Hata kiraka kilikuwa na soko. Matambara ya kitani na pamba yaliuzwa kwa watengenezaji wa karatasi, kwa maana hadi katikati ya karne ya kumi na tisa karatasi nyingi ya Ulaya ilitokana na matambara, si miti. Mwaka wa 1854 matambara yalikuwa yameadimika hata gazeti la The Times la London likaahidi zawadi ya pauni 1,000 kwa mtu atakayevumbua kitu cha kushika nafasi yake. Hivyo vitabu vingi vya wakati ule vilikuwa mashati ya watu kabla ya kuwa vitabu.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na busara yake. Katika karne ya kumi na tisa merikebu kutoka Salem, mji wa Marekani, zilileta Unguja kitambaa cha pamba kilichopata jina la nchi kilikotoka, yaani merekani. Mwishoni mwa karne hiyo ikaenea leso, ambayo wengine huiita kanga. Itazame leso kwa makini kama mwanafunzi atazamavyo ramani. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lake. Aliyeichora aliijaza kutoka ukingo hadi ukingo, wala hakuacha mahali pa kupitisha mkasi. Doti moja ni leso mbili. Hutenganishwa kwa mkato mmoja, zikapindwa, kazi ikaisha. Leso haikatwi kuufuata mwili, bali mwili ndio unaojifunga ndani yake. Aliye mnene na aliye mwembamba, msichana na bibi yake, wote huivaa ileile. Ikichakaa huwa mbeleko, halafu winda la mtoto, halafu kitambaa cha jikoni. Hivyo tangu ilipobuniwa leso haikuwa na kipande cha kutupa. Kumbuka jambo hilo, maana tutalihitaji tena mwishoni.

Sasa twende Batley, mji mdogo wa wafuma sufu katika jimbo la Yorkshire, Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa Ulaya ilikuwa katika vita vya Napoleon. Majeshi yalitaka makoti na mablanketi, na sufu mpya haikutosha. Mwaka wa 1813 mtu mmoja wa Batley, aitwaye Benjamin Law, alichukua matambara ya sufu, akayararua hadi yakarudi kuwa nyuzinyuzi, akazichanganya na sufu mpya, akasokota uzi na kufuma kitambaa. Kitambaa hicho kiliitwa shodi. Katika miaka ya 1830 mafundi wa wilaya ile wakafaulu hata kwa vitambaa vigumu na mabaki ya washonaji, ambavyo hapo kwanza havikuraruka kwa urahisi. Kabla ya miaka hamsini kwisha, matambara yalikuwa yakiletwa Batley na Dewsbury kutoka pande nyingi za Ulaya, na mwaka wa 1860 Samuel Jubb, mtu wa Batley, akachapisha kitabu kizima juu ya historia ya biashara hiyo.

Yafaa tuingie kiwandani tuone kazi yenyewe. Kwanza wanawake walikaa mbele ya marundo wakachambua matambara kwa aina na kwa rangi. Pili, walikata mishono yote wakaiondoa. Kwa nini mishono? Kwa sababu koti lilikuwa la sufu, lakini lilishonwa kwa uzi wa pamba, na pamba ikiingia katika sufu huharibu uzi mpya na haishiki rangi sawasawa. Tatu, matambara yaliingizwa katika mashine yenye pipa la meno ya chuma lililozunguka kwa kasi na kuyararua. Vumbi na mishono ile iliyokatwa havikutupwa, bali vilipelekwa mashambani kuwa mbolea, hasa katika mashamba ya hopsi, mmea utiwao katika pombe. Baadaye katika karne hiyohiyo wakajifunza kutumia asidi na joto kwa vitambaa vilivyochanganywa sufu na pamba. Asidi iliunguza pamba ikawa majivu, na sufu ikabaki salama.

Umeona, msomaji, ugumu ulikuwa wapi? Kurarua koti kulikuwa rahisi. Taabu ilikuwa kutenganisha vitu viwili ambavyo mshoni alivifunga pamoja bila kuwaza kwamba siku moja mtu atataka kuvifungua. Mshoni yule wa kwanza hakumjua mwanamke wa Batley, lakini kwa kila mshono alimwongezea kazi.

Wala tusidhani kwamba kazi ile ilikuwa ya sifa tupu. Vumbi la matambara liliingia vifuani mwa wafanyakazi, na ugonjwa uliotokana nalo ukaitwa homa ya shodi. Tena wako wafanyabiashara waliotia sufu mpya kidogo mno ili wapate faida kubwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka wa 1861, askari walipewa sare za shodi mbovu zilizoachana miilini mwao kwa mvua na jua. Tangu hapo neno lile likaingia katika Kiingereza kwa maana ya kitu duni na cha hila. Ndivyo tamaa ilivyolichafua jina la kazi njema. Batley haikuwa na kosa la kutumia kilicho kikuukuu. Waliokosa ni wale walioficha kwamba ni kikuukuu.

Mji wa Prato, karibu na Florence katika Italia, ulipokea kazi hiyo katika karne ya kumi na tisa, ukaiendeleza hata leo. Wachambuzi wa Prato walikuwa na ustadi wa ajabu. Waliweza kuishika nguo kwa vidole tu wakajua ni sufu ya aina gani, kisha wakaitupa katika rundo la rangi yake. Nyekundu zilikwenda na nyekundu, na buluu nyeusi zilikwenda na buluu nyeusi. Kwa kuwa rangi imekwisha kuwamo ndani ya sufu, fundi wa Prato aliweza kuchanganya nyuzi za rangi mbalimbali, kama mpishi achanganyavyo viungo, akapata rangi aliyoitaka bila kutia kitambaa katika pipa la rangi. Hivyo aliokoa sufu, akaokoa na maji na dawa za rangi. Lakini ustadi wote huo ulitegemea jambo moja, kwamba nguo ziletwazo ziwe za sufu kweli.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mwisho wa nguo. Tugeuke sasa tuutazame mwanzo wake, maana mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali yatakutana. Twende Lyon, mji wa hariri katika Ufaransa. Hapo zamani kufuma hariri yenye maua kulihitaji watu wawili. Mfumi alikaa mbele ya kitanda chake, na mtoto au kijana alikaa kando akivuta kamba za kuinua nyuzi fulani kila mfumi alipopitisha uzi wa kukingama. Akikosea kamba moja, ua liliharibika. Katika karne ya kumi na nane mafundi kadhaa wa Ufaransa walijaribu kuifanya kazi hiyo kwa karatasi yenye matundu, wa kwanza akiwa Basile Bouchon mwaka wa 1725. Joseph-Marie Jacquard, mzaliwa wa Lyon, aliyaunganisha mawazo yao, na mwaka wa 1804 akatoa kitanda cha mfumi kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote vilivyotangulia.

Kitanda hicho kilifuata kadi ngumu zilizoshonwa mfululizo kama mkufu. Kila kadi ilikuwa amri ya mstari mmoja wa kitambaa. Penye tundu, sindano ilipita na uzi ukainuliwa. Pasipo tundu, sindano ilizuiwa na uzi ukabaki chini. Ni mambo mawili tu, tundu au hapana tundu, lakini kwa hayo mawili mfumi aliweza kufuma maua, ndege, hata uso wa mtu. Mwaka wa 1839 ilifumwa kwa hariri sura ya Jacquard mwenyewe, nayo ilihitaji kadi zipatazo 24,000. Mwingereza Charles Babbage, mtaalamu wa hesabu, alikuwa na nakala ya sura hiyo. Yeye alikuwa akibuni mashine kubwa ya kuhesabu, akakusudia iamrishwe kwa kadi za namna ileile. Mwaka wa 1843 Ada Lovelace alipoieleza mashine hiyo kwa maandishi, aliifananisha waziwazi na kitanda cha Jacquard. Mashine ya Babbage haikumalizika, lakini wazo halikufa. Mwaka wa 1890 Herman Hollerith alitumia kadi zenye matundu kuhesabu watu wa Marekani, na kompyuta za kwanza za karne ya ishirini ziliendelea kulishwa kadi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kompyuta ni mgeni katika kazi ya nguo, mjibu kwa upole kwamba sivyo. Moja ya mizizi ya kompyuta iko katika nyumba ya mfumi.

Kabla kompyuta haijarudi kwa mfumi, lilitokea jambo lililouvunja mzunguko wa kale. Mwaka wa 1941 wanakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walivumbua uzi wa poliesta, ambao asili yake ni mafuta ya petroli. Ulikuwa uzi wenye nguvu, usiokunjamana, unaokauka upesi, na baada ya muda ukawa rahisi kuliko pamba. Watu waliupenda kwa haki. Lakini wenye viwanda walianza kuusokota pamoja na pamba na sufu katika uzi mmoja, na kuongeza humo nyuzi nyingine za kuvutika kama mpira. Katika koti la Batley pamba ilikaa katika mishono, na kisu kiliweza kuiondoa. Katika shati la leo poliesta na pamba hukaa pamoja ndani ya uzi wenyewe, na hapana kisu kiwezacho kuzitenga. Asidi huweza, na dawa nyingine huweza, lakini kwa gharama ambayo shati la bei ndogo haliwezi kuilipa.

Pamoja na hayo ukaja wingi. Mwaka wa 2000 dunia ilitengeneza takriban tani milioni 58 za nyuzi za kila aina. Mwaka wa 2022 ilitengeneza takriban tani milioni 116. Wingi uliongezeka maradufu, na wavaaji hawakuongezeka maradufu. Maana yake ni kwamba kila nguo ilivaliwa mara chache kuliko zamani. Mwaka wa 2017 taasisi ya Ellen MacArthur ilitoa taarifa kwamba katika nyuzi zote zinazotumiwa kutengeneza nguo, isiyofika sehemu moja katika mia ndiyo irudiyo kuwa nguo tena. Ellen MacArthur huyo ni baharia Mwingereza ambaye mwaka wa 2005 aliizunguka dunia peke yake kwa jahazi kwa muda wa siku 71. Mtu aliye peke yake baharini hujua vema kwamba chakula na mafuta aliyo nayo ndiyo yote, hakuna duka mbele wala nyuma. Alipofika nchi kavu alianza kuiona dunia nzima kama jahazi lile.

Je, nguo hizo zisizorudi kuwa nguo huenda wapi? Nyingine huchomwa, nyingine hufukiwa, na nyingine hufungwa katika marobota zikaja kwetu. Hapa, msomaji, historia ya Batley inaingia Gikomba.

Baada ya uhuru Kenya ilijenga viwanda vya nguo, na serikali ikavikinga kwa ushuru. Kisumu palikuwa na Kicomi, na Eldoret palikuwa na Raymond na Rivatex, kilichoanzishwa mwaka wa 1976. Mapema katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na mitumba ikaingia kwa wingi wakati ambapo viwanda vilikuwa na mashine kuukuu, madeni, na pamba isiyotosha. Vingi vilifungwa. Si haki kuitupia mitumba lawama yote, kwa maana nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia nazo zilikuja, na makosa ya nyumbani yalikuwapo. Lakini si haki pia kuiondolea lawama yote. Mwaka wa 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha mitumba hatua kwa hatua. Wauzaji wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi hizi nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka wa 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo. Kiwanda cha Rivatex, kilichokuwa kimenunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, kilizinduliwa upya kwa mashine mpya mwaka wa 2019; na mwaka huohuo Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za mitumba.

Ukifika Gikomba alfajiri, usiitazame kama jalala. Robota hununuliwa likiwa limefungwa, na mnunuzi hujua kilichomo baada ya kulipa. Likifunguliwa, nguo huchambuliwa upesi: zilizo bora huitwa kamera, na za mwisho kabisa huitwa fagia. Wako wanaofua, wanaopiga pasi, na mafundi wa cherehani ambao hupunguza suruali, hugeuza kola, na kulifanya gauni la mtu mnene kuwa magauni mawili ya watoto. Hao ndio ndugu wa wanawake wa Batley na wachambuzi wa Prato. Wamesomesha watoto kwa kazi yao, nao wastahili heshima. Lakini wao hawana uwezo juu ya kilichomo ndani ya robota. Sweta lililochanika, lenye nyuzi za aina nne, halifai kuvaliwa, halifai kuraruliwa likawa uzi, wala halifai kuwa mbolea. Hilo huishia ukingoni mwa Mto Nairobi au katika jalala la Dandora. Aliyelibuni yuko mbali, amekwisha kulipwa, amesahau. Mwaka wa 2022 Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumiwa. Ni sheria njema, lakini yafaa tuulize: ikiwa nguo ilitengenezwa katika nchi moja, ikavaliwa katika nchi ya pili, ikatupwa katika nchi ya tatu, mtengenezaji ataitwa na nani?

Basi dawa haiwezi kutafutwa jalalani peke yake. Yatupasa turudi kwa mbuni, nasi tutamkuta ameketi mbele ya kompyuta.

Kompyuta ilirudi kwa mshoni kwa njia ya mkasi. Joseph Gerber, Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1924 na kukimbilia Marekani mwaka wa 1940 kuwaepuka Wanazi, alibuni mwishoni mwa miaka ya 1960 mashine ya kukata vitambaa vingi vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kisu kikiongozwa na kompyuta. Faida haikuwa kasi peke yake. Ukikata shati, vipande vya mikono, mgongo na kola havijazi kitambaa chote. Katikati hubaki vipande ovyo, na kwa kawaida mabaki hayo ni kati ya sehemu 10 na 20 katika mia. Kompyuta huweza kuvigeuza vipande hivyo huku na huku mara nyingi mno, hata vikakaribiana kama mbegu za komamanga, ndipo kisu kikate. Kila inchi iliyookolewa ni pamba ambayo haikulimwa bure.

Mjapani Shima Masahiro wa Wakayama alikwenda mbele zaidi. Kampuni yake, iliyoanzishwa mwaka wa 1962, ilianza kwa mashine za kufuma glavu. Aligundua kwamba glavu yenye vidole vitatu ikipinduliwa ni sweta: vidole vya kando ni mikono, na cha katikati ni kiwiliwili. Mwaka wa 1995 alionyesha Milan mashine inayofuma sweta zima kwa mara moja, bila kukata na bila kushona. Linganisha, msomaji, na Batley. Sweta la namna hiyo halina vipande vya kutupa wala mishono ya kuondolewa. Likifumwa kwa sufu tupu, huweza kufumuliwa na uzi wake kutumiwa tena. Mjapani mwenziwe, Issey Miyake, alianza mwaka wa 1998, pamoja na Dai Fujiwara, kutengeneza kwa mashine za kompyuta kitambaa kirefu ambacho ndani yake nguo imekwisha kufumwa, na mvaaji huikata mwenyewe kwa kufuata alama. Wazo lilikuwa kupunguza mabaki. Naona kwamba mtu aliyezoea doti ya leso hatalistaajabia sana.

Siku hizi mbuni huweza kuivisha nguo sanamu ya mtu katika kioo cha kompyuta, akaona inavyoanguka mabegani kabla kitambaa hakijaguswa, na hivyo nguo nyingi za majaribio hazishonwi tena. Katika vituo vya kuchambua nguo, mashine zenye mwanga usioonekana kwa macho hutambua kama kitambaa ni sufu, pamba au poliesta, kazi ambayo mchambuzi wa Prato aliifanya kwa vidole. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2024, uliandaa njia ya kuzipa bidhaa, nguo zikiwamo, pasipoti ya kidijitali. Nguo itabeba alama, na mtu akiisoma alama hiyo kwa simu ataambiwa imefumwa kwa nini. Ikiwa pasipoti hiyo itasomeka Gikomba kama itakavyosomeka Paris, fundi wetu atajua kilicho mikononi mwake.

Walakini nakuonya usiiabudu mashine. Kompyuta ileile inayookoa inchi moja ya kitambaa ndiyo inayomwezesha mfanyabiashara kuchora mitindo mipya kila siku, kuionyesha kwa watu wa dunia nzima katika simu zao, na kuwashawishi wanunue wasichokihitaji. Ukiokoa sehemu 15 katika mia ya kitambaa, kisha ukashona mashati mara mbili zaidi, umeokoa nini? Kadi ya Jacquard haikuwa na akili. Ilisema tundu au hapana tundu, na ua lilitoka katika kichwa cha mchoraji. Hata leo mashine hufuata amri. Ikiulizwa jinsi ya kuuza upesi, itajibu hilo. Ikiulizwa jinsi nguo hii itakavyofumuliwa miaka kumi ijayo, itajibu hilo pia.

Kwa hiyo, ewe kijana unayesoma, yako maswali matatu ambayo historia hii yakupa. Ukinunua nguo, uliza imefumwa kwa uzi gani, na kama yaweza kushonwa ikichanika. Ukiwa nayo, itunze, itie kiraka, mpelekee fundi; usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ikiwa Mungu atakujalia kuwa mbuni, mshoni au mwenye kiwanda, basi kabla hujachora kola uliza nani atakayeifungua mishono yako, kwa chombo gani, na katika mji gani. Wazee wa pwani walikwisha kujibu swali hilo kwa kitambaa chenye pindo nne, bila kompyuta na bila asidi. Sisi tuna kompyuta na twajua kemia. Hatutakuwa na udhuru mbele ya watoto wa Dandora tukisema kwamba hatukujua shati litakwenda wapi.